Koti la Kiwandani

Koti jeupe la kiwanda sikulirudisha.
Walipotufungia geti, mwezi Machi, na deni la mishahara miwili,
nililivaa chini ya kitenge nikatoka nalo,
viatu vya mpira mkononi, kama mtu anayekwenda shamba.
Miaka kumi na mmoja nilipasua sangara.
Kisu kinajua njia: nyuma ya shavu, kando ya mgongo,
minofu huku, mapanki kule.

Sasa Lushinge, kijana wa kikundi cha nyuki hapa Igombe,
analizunguka koti hilo kama mnunuzi wa ng'ombe.
"Linafaa," anasema. "Nyuki hawagombani na nyeupe.
Ila, mama, lina shombo."
Nimelifua kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, kwa majivu.
Nimelianika juu ya jabali siku tatu
mpaka kunguru wakalichoka.
Shombo limelala ndani ya uzi.

Usinipongeze bado.
Mzinga wenyewe ni mbao za kreti
na vibao vya juu ishirini na sita,
upana nimepima kwa kifuniko cha soda;
ukizidisha, nyuki wanapinda masega wanavyotaka wao.
Nikapaka nta ndani. Nikasugua mchaichai.
Nikauning'iniza kwa waya kwenye mgunga, nyuma ya mawe,
waya nikaupaka oili chafu, sisimizi wateleze.
Halafu nikakaa.

Kukaa huko hakuna aliyenifundisha.
Kiwandani samaki huja mwenyewe, kwenye mkanda, amekufa.
Hapa Mei ilipita. Juni ikapita na vumbi lake.
Mjusi akahamia. Nikamtoa.
Akarudi na mwenziwe.
Binti yangu Milembe akauliza, macho kwenye daftari:
"Mama, sanduku lile ni la nani?"

Fuata nyuki ule asali, tunaambiwa.
Na nyuki asipokuja?
Hapo methali inanyamaza.

Siku moja wingu likainuka ziwani,
jeusi, refu, linapinda kiuno kama moshi wa tanuri la matofali.
Nikavaa koti. Nikavaa viatu.
Nikasimama chini ya mgunga, moyo unadunda kama wa mwali.
Wakafika: visubi vya ziwa,
wale wasiouma wala kutengeneza kitu,
wakanijaa puani, kwenye kope,
kwenye chai niliyoiacha wazi.
Jirani yangu Kashindye alicheka mpaka akakaa chini.

Nyuki walikuja Alhamisi, nikiwa naanua dagaa.
Sikuwaona.
Milembe ndiye aliyesema: "Mama, sanduku linaongea."

Wiki tatu usifungue, Lushinge alionya.
Nilifungua ya pili.
Moshi nilitia mwingi, wa kinyesi kikavu cha ng'ombe,
kama anayefukuza mapepo.
Nikaona sega moja, ukubwa wa kiganja cha mtoto,
jeupe (sikujua nta huanza nyeupe),
limening'inia kama ulimi.
Mkono wangu huu ukakumbuka kisu.
Ukaenda mbio, kando ya mgongo.
Saba walinijibu.
Jicho la kushoto likafumba siku mbili.

Sasa naufundisha mkono upya.
Nainua kibao kama blanketi la mtoto mwenye homa.
Asali bado. Lushinge anasema labda Februari,
vuli ikiwa na adabu.
Deni la kiwanda nalo bado.

Jana usiku umeme ulikatika, Igombe yote kimya,
hata taa za wavua dagaa hazikuwapo majini,
mbalamwezi imewafungia nyumbani.
Nikaenda hivyo hivyo, bila koti,
nikaweka sikio kwenye ubao.
Mlio ule ule wa chumba cha barafu,
ule uliokuwa ukinifuata mpaka ndotoni.
Nikaweka na kiganja.
Ubao ulikuwa na joto.